Grafu Iliyotundikwa Ukutani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Ngurumo tangu mchana. Mvua yenyewe imekuja jioni na upepo, mahindi yamelala.

Barasa, mwanangu, leo umetupa kitabu cha hesabu kwa ukuta, ukasema Jumatatu hutarudi shule kwa sababu mwalimu amekucheka. Nilikuwa na hasira, na nikiwa hivyo sina hakika kama nasema sawa. Acha niandike.

Kuna siku haijanitoka, mwaka wa 2004, nikiwa kidato cha tatu huko Kitale. Mwalimu alitupa kazi: chora wimbi la sine, kisha ulivute mara tatu kwenda juu. Mimi nikalivuta juu na kwa upana pia. Karatasi ikaisha. Nikabandika nyingine kwa gundi, halafu nyingine.

"Nekesa," mwalimu akaniuliza, "hii ni grafu ama shuka?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Akaitundika ukutani, kila aliyeingia akaonyeshwa. Nikawa Mama Shuka.

Tulipofunga shule, nikafika nyumbani Bungoma nikasema sirudi. Baba akawaka kuliko mimi. "Asirudi! Mtoto wangu si kichekesho, bana!"

Senge wangu Nafula, dada yake baba, hakuwahi kukaa darasani. Akasema, "Hebu nionyeshe hicho kitu kinatoa mtu shule."

Nikachora kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi. "Hii laini ya katikati ni sifuri, senge. Wimbi la kwanza linapanda moja, linashuka moja. Ukilivuta mara tatu, linapanda tatu, linashuka tatu. Hiyo tatu ndiyo amplitudi. Lakini pale linapokata sifuri..."

"Pale kuna nini?"

"Pale halisogei. Mimi nilisogeza."

"Si basi hesabu umeipata! Sasa unaacha shule kwa nini? Ati kicheko? Huyo mwalimu amekosea, na nitamkasirikia pamoja na wewe mpaka nizikwe. Lakini yeye kazi anayo tayari. Wewe huna."

Nilirudi. Niseme haki: kosa la grafu lilikuwa langu, na mwalimu yule alijua kufundisha. Kosa la kuniaibisha lilikuwa lake. Hakuomba msamaha, na hasira yangu naye haijaisha. Pengine si vizuri mama kuandika hivyo. Sikufika mbali na masomo, lakini kidato cha nne nilimaliza.

Mwanangu, kasirika. Sikukatazi, hata mimi nimekasirika. Lakini ujue hasira ukiivuta juu mara tatu, na chini itakushusha mara tatu. Chunga tu isisogeze pale unapokanyaga. Jumatatu wewe uko darasani, na mimi niko mbele ya huyo mwalimu wako, namwambia usoni kwamba mtoto anarekebishwa, hachekwi.

Mungu akupe kichwa kitulivu, na vicheko vya watu visikutoe njiani.

Usiku huu tumekula ugali na mboga ya mrenda. Hukuniangalia, lakini uliongeza chakula, na kitabu kilikuwa kando ya sahani yako, jalada limekunjika.