Kigingi Shambani kwa Bibi

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa bondeni, bwana mmoja wa wilayani akaja kupiga vigingi. Jina lake ninalo, silitaji. Akasema tuhamie juu, barabarani, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na kesho yake madungu yetu ya kuamia ndege yachomwe.

“Na mpunga?” bibi yangu akauliza. “Sheria hiyo umekuja nayo?”

“Rais akishasema, bibi, ndiyo sheria.”

“Akida wa Mjerumani naye aliwaambia wazee wangu hivyohivyo.”

Bibi akakishika kigingi kilichopigwa shambani kwake, akaking'oa, akakilaza miguuni pa yule bwana. Bwana akacheka. Mwenyekiti wetu, Mmatumbi mtu mzima, hakucheka. Alijua wazee wa kwao walivyoanza vita vya Maji Maji. Waliing'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na kule kung'oa ndiko kulikokuwa kutangaza vita.

“Usicheke, bwana,” akasema. “Huyu aliyaona ya Maji Maji akiwa mtoto. Waache wavune kwanza.”

Yule bwana akatutazama, kila mmoja na kisu chake cha kuvunia mkononi. Akainama, akaokota kigingi chake mwenyewe.

Tulivuna hadi suke la mwisho. Ndipo tukahama.