Macho ya Jibini ya Mdogo Wangu Arlys

Mdogo wangu Arlys alikuwa mpishi wa shule katika kijiji chetu hapa Wisconsin, na watu walimsifu kwa jambo la kipuuzi kuliko yote aliyowahi kufanya. Alilea watoto watatu mpaka wakajitegemea. Majira yote ya theluji aliwapa watoto wa watu chakula cha moto kila mchana. Alimuuguza mama yetu hadi mwisho bila kununa hata siku moja. Hayo hakuna aliyeyataja mazishini. Walisimama mbele ya jeneza, wakavuta kamasi, wakasema, "Hakuna aliyejua kutengeneza macho kama Arlys."

Macho yenyewe yalikuwa vipande vya jibini nyeupe alivyovifinyanga mviringo, kila kimoja akakitoboa na kukiziba kwa zeituni. Yalielea juu ya juisi ya nyanya iliyotiwa vodka, mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, maji ya matango ya siki, pilipili, chumvi ya seleri, na ule mzizi mweupe tunaouchimba bustanini, unaowasha pua kabla haujafika mdomoni. Juu ya glasi alilaza soseji nyembamba yenye kipande cha lozi nchani, ili ionekane kidole chenye kucha. Katikati ya bakuli kubwa alitosa mkono wa barafu, maji yaliyogandishwa ndani ya glavu. Kinywaji hicho kina jina linalochanganya Mariamu na damu. Mimi nasali rozari kila siku, kwa hiyo sitaliandika hapa.

Kila mwaka ilipofika Halowini, mkesha wa Watakatifu Wote, watu wazima wenye mashamba na wajukuu walikusanyika kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Arlys kuogopa jibini. Halmashauri ya kijiji hutangaza saa za watoto kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na huchagua alasiri, jua likiwa bado kali, ili asigongwe mtu na gari. Ndiyo hofu yetu hiyo, ya mchana kweupe na kwa kibali. Na kwa kuwa mwisho wa Oktoba huku ni baridi, kila mzimu huvaa koti zito juu ya vazi lake. Jirani wa Arlys, Gib, dereva wa lori la maziwa, alikuja kila mwaka akiwa maiti, na hakuhitaji kujipaka sana.

Niseme pia kuhusu bia. Kwetu, anayekupa glasi ya kinywaji hicho chekundu lazima akupe na bia ndogo pembeni, ya kuteremshia. Ndivyo ilivyo na hakuna anayeuliza. Mgeni mmoja kutoka jimbo jirani la Illinois aliwahi kuuliza ni ya nini, na mpaka leo hadithi yake bado inasimuliwa.

Masika ya mwaka jana madaktari walimkuta Arlys na uvimbe chini ya ulimi. Walimchoma kwa mionzi, ikamwachia kovu shingoni. Kufikia kiangazi sauti ilirudi, imekwaruzwa kama ya mlango usiotiwa mafuta, lakini ladha haikurudi. Mkate ulikuwa pamba. Kahawa ilikuwa maji ya moto. Tuliojua hilo la ladha ni mumewe Norbert na mimi tu, na alituapisha.

"Wakijua watanihurumia," alisema. "Nawajua. Wataanza kuniletea bakuli za tambi."

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni wifi yake Delphine, dada yake Norbert. Delphine alikuwa ametia joto kwenye gereji yake na kutundika humo televisheni kubwa kama mlango wa zizi, na tangu hapo alikuwa anaimezea mate ile sherehe. Jumapili moja alimkamata Arlys mlangoni mwa kanisa, mkono begani, kichwa kimeinama upande kama sanamu.

"Wifi, mwaka huu pumzika. Sherehe nitaifanya kwangu."

"Kupumzika kutakuja, wala hakuna haraka," Arlys akamjibu. "Njoo kwangu kama kawaida. Na usije na ule mseto wako wa viazi."

Tulipanda gari, tukapita kiwanda cha jibini. Kisha akasema, "Nataka mwaka huu mmoja, Dada. Huu tu, kwa mkono wangu, bila mtu kunionja kwa macho kama mgonjwa."

Siku ilipofika nilikwenda kumsaidia kukata soseji. Sinywi pombe, lakini mikono ninayo. Arlys alisimama mbele ya sufuria akipima kwa mazoea, kijiko hiki, kikombe kile. Chumvi ya seleri alitia, akaenda kumfokea Norbert juu ya viti, akarudi, akatia tena.

"Umeshatia," nikamwambia.

"Sijatia."

"Umetia. Hebu nionje mimi, vodka bado haijaingia."

"Wewe?" Alicheka mpaka akakohoa. "Unayekula viazi vya kuchemsha bila chumvi na kumtolea Mungu kama sadaka? Afadhali nimwite paka."

Akaanza kukwaruza ule mzizi. Aliweka kidogo kwenye kijiko cha juisi, akanywa. Machozi yakamjaa. Nilidhani ameumia, nikamshika kiwiko.

"Nausikia," akasema. "Dada, huu nausikia! Unapanda puani. Mungu wangu, unanifinya!"

Tangu mionzi hakuwa amesikia kitu kinywani mwake. Akakwaruza tena, akanywa, akalia kwa furaha, akakwaruza tena. Mzizi mrefu kama mkono wa mtoto ukaishia wote sufuriani. Ningemzuia vipi? Nami sikujua kipimo cha upuuzi ule.

Wageni waliingia jua halijazama, maana watu wetu hula mapema. Gib maiti. Mwalimu mstaafu amevaa vazi la mchawi na buti za theluji. Delphine alikuja kama malaika, mabawa ya manyoya mgongoni, na hakuna aliyeona kichekesho hicho isipokuwa mimi. Arlys alikaa nyuma ya kaunta, skafu nyeusi imefunika kovu la shingo, akimimina kwa upawa. Norbert alijaza bia ndogo.

Nikawatazama wakinywa. Gib alipiga funda la kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo uso wake ukapata damu.

"Vipi?" Arlys akamuuliza.

"Mwaka huu... ni tofauti," akasema Gib.

"Ni tofauti kabisa," akasema mwalimu, akiishika kaunta.

"Tofauti sana, wifi," akasema malaika, naye akaifuata bia yake mbio.

Kwetu watu hawasemi kitu ni kibaya. Husema ni tofauti. Jirani akipaka nyumba yake rangi ya zambarau, ni tofauti. Mtoto akiiacha dini, ni tofauti. Ni adabu ya waoga, na tumelelewa nayo sote. Basi wakabaki na adabu yao, wakizungumzia bei ya maziwa na mahindi yaliyochelewa, huku kila mmoja akimnyooshea Norbert ile glasi ndogo. Norbert akapanda juu kuleta kasha la bia. Akapanda tena.

Arlys hakuwa mjinga. Ulimi haukumwambia kitu, lakini kaunta ilimwambia. Glasi ndogo zote zilikuwa kavu, na kubwa zote zimejaa mpaka ukingoni, mstari mzima wa macho ya jibini yakiutazama ubao wa dari. Alizitazama moja moja. Kisha akachukua upawa, akaugonga kwenye bakuli mpaka mkono wa barafu ukavunjika kidole.

"Nyamazeni! Nina jambo. Sina ulimi."

Wakamgeukia.

"Sionji kitu. Tangu nilipochomwa. Kile nilichowapa sijui ni nini, na ninyi mnajua, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Gib, kikoje?"

"Kizuri tu, Arlys."

"Gib, umekunywa bia ya watu watatu!"

"Nilikuwa na kiu."

"Muongo. Hata maiti husema kweli kuliko wewe." Akageuka. "Delphine. Umenisengenya tangu siku niliyoolewa. Mapazia yangu, keki zangu, malezi yangu. Leo ndiyo umepata adabu? Sema!"

Delphine alimtazama kaka yake. Norbert akatazama viatu vyake. Mabawa yalimtetemeka, na kwa kweli nilitaraji kilio na mkono begani.

"Ni maji ya rejeta, wifi," akasema Delphine. "Rejeta ya trekta."

Mtu akashusha pumzi.

"Endelea," Arlys akamhimiza.

"Chumvi yake ni kama umeyeyusha lile jiwe wanalolamba ng'ombe. Na huo mzizi umenichoma mpaka kwenye kope. Nilidhani unataka kuniua ili nisiichukue sherehe."

"Nilifikiria hilo," Arlys akasema.

Hapo Gib akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata, na ghafla kila mtu akawa na maneno. Mwalimu alisema kinanuka kama dawa ya mifugo. Gib akakiri kwamba alikimwaga kimoja kwenye chungu cha maua, akayaomba msamaha maua. Waoga hao! Ilibidi mgonjwa awaamuru kusema kweli ndipo wakaisema, na walivyoisema ungedhani wameigundua wao.

Arlys alimwita Delphine nyuma ya kaunta. Delphine akavua mabawa, akayaninginiza kwenye jokofu, akawa ulimi. Juisi ya nyanya ikaongezwa. "Bado," akasema Delphine. Ikaongezwa tena. Ndimu. "Bado. Sasa umezidisha maji, wifi, unanyesha mvua." Upawa haukutoka mkononi mwa Arlys hata mara moja. Delphine alionja na kusema, Arlys akaamua. Walipofika kwenye mzizi tu ndipo Arlys alipokataa katakata, akachota jagi moja la mseto wa kwanza kutoka sufuriani, usio na vodka kwa sababu ya dawa zake, akaliweka kando.

"Hili ni langu. Hili ndilo ninalolisikia."

Bakuli lilipokaa sawa watu walikunywa, macho yakaliwa, vidole vikaliwa. Kisha wakaanza kushindana nani ataweza kumeza funda la jagi la Arlys. Walimeza na kulia. Rangi zikawachuruzika mashavuni, mchawi akawa michirizi, maiti akawa michirizi. Watu wale wale walioshindwa kutoa chozi moja kwa ajili ya ulimi wake walilia vizuri kabisa kwa ajili ya mzizi.

"Mwaka ujao iwe kwako, Delphine," Arlys akasema, akifuta kaunta. "Gereji yako ina joto, na sitabishana. Lakini leo ni yangu, na bado mimi ndiye ninayemimina."

Delphine alichukua kitambaa kingine, akaanza kufuta upande wa pili.

Arlys alifariki kabla ya Kwaresima. Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Lakini jioni ile alikuwa amekaa wima, skafu imelegea, kovu liko wazi, jagi mbele yake. Akanisogezea glasi.

"Na wewe, Dada. Haina pombe, huna kisingizio."

Nilionja. Iliniingia puani, ikapanda kichwani, ikaniacha sioni mtu.

"Arlys," nikasema nilipopata pumzi, "hiki ni kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutia mdomoni."

Alifurahi kama amepewa zawadi. Akanibusu kwenye paji la uso, akamimina bia ndogo, akaiweka mbele yangu kama inavyotakiwa. Sikuigusa. Gib aliinywa.