Nilivyowaaga Wenzangu Kiwandani

Kiwanda chetu cha kukoboa kahawa kilipouzwa kwa mtu binafsi, wengi walipunguzwa. Kwa hiyo majuzi meneja mpya aliponiambia, "Mzee Kaaya, mfundishe Urio wa stoo mashine yako yote," nilijua zamu yangu imefika. Ila nilichanganyikiwa: kama nafukuzwa, mbona kila asubuhi ananichekea? Sikumuuliza, na kosa hilo ni langu, si lake. Nilimfundisha Urio kila kitu, nikamwachia na ovaroli. Ijumaa mke wangu akaleta sufuria la ndizi, nikatoa hotuba, nikalia mbele za watu. Meneja akapita, akapewa sahani, akala.

"Tamu kweli! Mnamuaga nani?"

"Mzee Kaaya, bosi," Urio akajibu.

"Anakwenda wapi? Jumatatu si ananifundisha na mimi hiyo mashine?"