Fundi cherehani aliyeitundika futi ukutani

Saa mbili asubuhi, Mama Pacha anaketi mbele ya kompyuta, kwenye meza ileile iliyobeba cherehani yake. Futi ya kupimia imetundikwa msumarini, na leo, anasema, haishuki.

Alishona sare za shule kwa miaka kumi na mitano, hadi macho yakakataa uzi mweusi. Akajifunza kutengeneza tovuti, ambako herufi anazikuza apendavyo. Majirani walicheka. Aliwaacha, meno ni yao.

Kazi yake kubwa ya kwanza ni ukurasa wa zahanati ya mtaa, wajawazito wachague siku ya kliniki bila kupanga foleni tangu alfajiri. Mganga mkuu amemwambia bila kuzunguka: ukurasa usipokubali leo, kazi anapewa mwingine.

Mara mbili umekataa. Kwenye kompyuta, visanduku vya siku tano vilikaa safu moja, vikapendeza. Kwenye simu ndogo ya mama mkwe wake, Ijumaa iliishia nje ya kioo pamoja na kitufe cha kuthibitisha. Ni kosa la fundi cherehani hasa: kila kisanduku alikipa upana usiobadilika, kama mfuko wa shati.

“Nilikata kitambaa kabla sijamwona mteja,” anasema, akijicheka.

Kumbe dawa alikuwa nayo. Mfumo wa kupanga mwonekano wa kurasa anaoutumia una amri fupi zilizokwisha andaliwa. Anafuta vipimo vyote. Anaandika d-flex, visanduku vikae pamoja safu moja, kisha flex-wrap, ili kinachokosa nafasi kishuke mstari wa chini badala ya kutoka nje.

Mama mkwe anakabidhiwa simu. Huyu ndiye mkaguzi, na hana huruma. Mara zote mbili aliirudisha. Anavaa miwani. Siku tatu juu, mbili chini. Anagusa Ijumaa, kisha kitufe.

“Mwanangu, hii imekaa,” anasema. “Sasa hata mimi natamani mimba.”

Anautuma ukurasa zahanati, na kabla ya adhuhuri mganga mkuu anapiga simu. Wajawazito kumi na tisa wameshachagua siku, na kazi ni yake. Mama Pacha analia kwa furaha, wala hafichi.

Mwezi ujao anataka kuwafundisha mafundi wenzake hapahapa mezani.

“Wenye macho yaliyochoka waje,” anasema. “Futi waziache mlangoni.”