Ukumbi Umejaa, Watu Hakuna

Pyo Geum-ok alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Namhyeon hazina dawa yake: kupenda kujua. Jirani akinunua kabichi nyingi kuliko kawaida, lazima Geum-ok ajue ni nani anayeozwa. Ndiyo maana kazi yake ilimkaa vizuri. Alikuwa anachana tiketi mlangoni na kufagia kumbi tatu za sinema zilizo juu ya soko letu la samaki, na kwa uchafu wa chini ya viti tu aliweza kukueleza nani alilia humo ndani, nani aligombana na mchumba wake, na nani aliingiza pombe ya soju kwenye chupa ya chai. Hakuwa akisema kwa ubaya. Asingesema angeumwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mdadisi huyu wa wadadisi hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale kazini, nalo ni habari za mumewe.

Seon Man-cheol alikuwa dereva wa mheshimiwa mbunge kwa miaka mingi, huko walikotoka. Kila Chuseok, sikukuu ya mavuno, zawadi zinapopelekwa nyumba kwa nyumba, yeye ndiye aliyebeba maboksi ya matufaha kutoka kwenye buti la gari hadi sebuleni kwa wakubwa. Siku moja boksi likamfumukia mikononi, na chini ya safu ya kwanza ya matufaha hakukuwa na matufaha tena. Kulikuwa na noti. Akakaa na jambo hilo moyoni muda mrefu, halali, hali, mpaka akaenda mwenyewe kulisema, na mahakamani akalisema tena huku bosi wake akimtazama usoni. Mheshimiwa alifungwa kidogo, akatoka, akaendelea kualikwa kwenye harusi na kukaa meza ya mbele. Aliyefungwa kwelikweli ni Man-cheol. Hakuna aliyempa usukani tena. Watu walimsema kwamba alikula wali wa mtu miaka yote ile halafu akamgeuka, na waliokuwa wakimsalimia wakawa wanavuka barabara wakimwona. Wakahamia kwetu Namhyeon, wasikojulikana, na huku nako akajifungia ndani. Akawa anapanda pilipili kwenye ndoo pale roshani na kuzisemesha.

Halafu ikaja hiyo filamu. Iliitwa Zawadi ya Mavuno, na ingawa majina yalibadilishwa, mheshimiwa alikuwemo, boksi lilikuwemo, matufaha yalikuwemo, na dereva ndiye aliyejaa bango zima. Geum-ok alipoliona likibandikwa, aliegemea mashine ya bisi. Kisha, kwa kuwa ni Geum-ok, akasogea kulikagua vizuri. Dereva wa kwenye bango alikuwa kijana mtanashati, kidevu kimechongwa, macho ya huzuni. Mungu wangu, aliwaza, mbona Baba Yun-ha hakuwahi kuwa hivi hata siku ya harusi yetu!

Jioni akamwambia mumewe. Man-cheol aliendelea kumwagilia pilipili zake, kisha akasema kwamba nchi nzima ilishamtukana bure, sasa inataka kumtukana kwa kiingilio, na kwamba hataki kuisikia filamu hiyo ikitajwa tena ndani ya nyumba ile. Geum-ok akaumia. Akaapa kimoyomoyo kwamba hataitazama mpaka aitazame na mumewe, maana aliamini, bila kujua kwa nini, kwamba Man-cheol akiiona atatoka kwenye ile roshani.

Kiapo kile kilimtesa sana. Kulikuwa na swali lililokuwa likimtekenya usiku na mchana: je, yeye mkewe yumo? Na kama yumo, wamempa nani aigize? Wasije wakawa wamempa yule mwigizaji wa tangazo la sabuni, yule mwenye sauti ya kulalamika. Alikuwa anasimama nje ya mlango wa ukumbi na kutega sikio, akisikia sauti ya mwanamke anaruka, halafu anagundua kuwa ni karani wa mahakama.

Sasa kwetu sinema haipimwi kwa pesa, inapimwa kwa vichwa. Kila asubuhi zinatangazwa hesabu za watu walioingia jana, na wauza samaki wa pale chini wanabishana juu ya filamu ambazo hawatazitazama kamwe. Zawadi ya Mavuno ilianza kwa kishindo huko Seoul, magazeti yakagombana, wanasiasa wakakanusha mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Kisha likaja dude la baharini, filamu ya zimwi linalokula meli, na vichwa vyote vikakimbilia huko. Kwetu Zawadi ikashushwa ikawa inaonyeshwa mara moja tu kwa siku, asubuhi, saa ambayo mji mzima una magamba ya samaki mikononi. Meneja Tak, mtu mwema ila muoga wa makao makuu, alisema wazi kwamba viti visiponunuliwa itatolewa Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya filamu mpya.

Hapo ndipo likatokea la ajabu. Viti vikaanza kununuliwa.

Geum-ok alikuwa anaangalia kwenye mashine, anaona zaidi ya nusu ya ukumbi umeuzwa. Anajiweka sawa mlangoni, anavuta shati, anasubiri. Hatokei mtu. Hata inzi. Filamu inaanza, inaisha peke yake, taa zinawaka, anaingia na ufagio na hakuna hata punje moja ya bisi sakafuni. Kesho yake vilevile. Alifikia hatua ya kupapasa viti kwa kiganja aone kama vina joto.

Mwanzoni aliisingizia mashine. Halafu akapata wazo lililomtoa jasho: ni mheshimiwa! Amenunua viti vyote ili watu wasiione. Akamvuta Meneja Tak pembeni na kumnong'oneza. Tak alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hao ni watu wanaoipenda hiyo filamu," alisema. "Wako Seoul, wako Busan, wengine wameshaitazama mara tatu. Wananunua kiti huku kwetu ili isitolewe. Wanasema wametuma roho."

"Roho inakuja, mwili unabaki?"

"Mwili uko kazini, Mama."

"Na hiyo roho inakaa wapi?"

"Pale ilipolipia."

Geum-ok hakulala kwa kushangaa. Mtu hujui hata Namhyeon iko upande gani, unatoa pesa yako ununue kiti usichokikalia, ili dereva wa watu asifutwe ukutani! Ni akina nani hawa? Kuanzia siku hiyo akawa akifungua ukumbi anausalimia. Akaanza kuwagawia wale wasioonekana maisha yao: yule wa pembeni kabisa ni muuguzi wa zamu, hawa wawili ni wachumba, yule wa katikati ni mzee aliyewahi kuonewa kazini. Alifagia kwa adabu, akipitisha ufagio taratibu kama watu wanavyofanya wageni wanapokuwa wamekaa. Alitamani sana kumsimulia Man-cheol, lakini kila akifungua mdomo mumewe anashika kopo la maji na kwenda kwenye pilipili.

Jumatatu Meneja Tak akaleta habari. Roho zimejitahidi, alisema, lakini zimwi lina miili. Kesho asubuhi ndiyo mara ya mwisho.

Jioni ile Geum-ok akapika supu ya maharage ya soya, akaweka kimchi, ile kabichi ya pilipili, iliyoiva vizuri, akamwacha mumewe ale kwanza. Alipoona bakuli linakaribia kuisha akasema, "Baba Yun-ha, kesho ni mwisho. Sikuombi tena baada ya hapo. Lakini mimi nataka kujua kama nimo, na siwezi kuingia bila wewe."

Man-cheol akaramba kijiko, akakiweka. Asubuhi mkewe alipokuwa akivaa viatu kwenda kazini, alisikia maji bafuni. Mtu alikuwa ananyoa ndevu.

Man-cheol akatoka kwenye lifti ya sinema muda mfupi kabla ya filamu kuanza, amevaa suti yake nyeusi ya udereva ambayo sasa ilimpwaya mabegani. Geum-ok akaona mumewe anatazama juu, kwenye ubao wenye mwanga, naye akageuka kutazama. Zawadi ya Mavuno, viti vimeisha. Vyote! Wale watu walisikia kwamba ni siku ya kuaga, wakaja kwa wingi wote mara moja, na hawakuacha hata kile cha nyuma ya nguzo.

"Imejaa, Mama Yun-ha," alisema Man-cheol, na Geum-ok akaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. "Basi." Akarudi kubonyeza kitufe cha lifti.

Geum-ok alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuipata. Aliwakasirikia wale wale aliokuwa akiwasalimia kila siku. Roho gani hizi zisizo na haya, zinamfungia mlango mwenyewe? Akamshika Meneja Tak mkono, akamwambia kuna mtu anataka kuingia. Tak akaanza yale yale, kwamba kiti kilichouzwa kimeuzwa, kwamba mwenyewe anaweza kutokea wakati wowote, kwamba malalamiko yakifika makao makuu anayeulizwa ni yeye. Wakati akisema hayo, lifti ilikuwa inapanda.

"Meneja," alisema Geum-ok, kwa sauti iliyomfikia hadi muuza bisi, "yule dereva wa kwenye bango ni huyu hapa. Ni mume wangu."

Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kulitamka. Tak akalitazama bango. Akamtazama mzee mwembamba mwenye masikio makubwa anayesubiri lifti. Mlango ukafunguka, Man-cheol akainua mguu, na Meneja Tak, yule muoga, akakimbia kama mtoto na kuingiza kiatu chake katikati ya mlango.

"Mzee wangu," alisema akihema, "ingia. Kaa unapotaka."

Ndani Man-cheol akasimama kwenye ngazi, akazungusha macho. Safu tupu, moja nyuma ya nyingine, mpaka juu.

"Si mmesema imejaa?"

Hapo sasa Geum-ok akamweleza yote, harakaharaka, kwa sababu taa zilikuwa zinafifia. Man-cheol akasikiliza mpaka mwisho.

"Wananijua?"

"Hawakujui. Wanamjua huyo mwenye kidevu."

"Na wamelipa kweli?"

"Wamelipa wote. Hivi unavyoviona, vyote."

Geum-ok akamwonyesha kiti kizuri cha katikati, lakini Man-cheol alitikisa kichwa. Alisema vina wenyewe. Mtu aliyefungulia wengine milango maisha yake yote hakuweza kukaa mahali pa mtu, hata kama mtu huyo hayupo. Akachukua kigoda cha mkewe pale mlangoni, akakaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, na Geum-ok akasimama kando yake.

Geum-ok aliitazama filamu yote akijisubiri. Dereva akabeba boksi, akaona noti, akakosa usingizi, na Geum-ok akasema sasa ndipo ninapoingia. Hakuingia. Dereva alikuwa kapera, anaishi chumba kimoja, anakula tambi za kuloweka akiwa amesimama. Akasema kweli mahakamani, akatengwa, na mwisho akaenda peke yake hadi darajani, na hakurudi. Geum-ok alinuna gizani. Alipogeuka kumwangalia mumewe anaichukuliaje, alikuta hatazami hata skrini. Alikuwa anatazama viti. Kila mwanga ulipopanda ukutani alikuwa akivipitia safu kwa safu, na uso wake ulikuwa umelowa.

Taa zikawaka. Man-cheol akainuka, akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi mpaka mbele kabisa chini ya skrini, akageuka akavikabili vile viti. Akainama. Si ile salamu ya haraka ya kazini, alijikunja mpaka chini, mikono kwenye mapaja, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Geum-ok alitaka kwenda kumshika. Alikuwa na ufagio mkononi na hakujua aufanye nini. Meneja Tak alikuwa amechungulia mlangoni, akaufunga polepole.

Tak alimruhusu Geum-ok atoke mapema, wakashuka pamoja kupitia sokoni. Man-cheol alitembea katikati ya njia, hakupita pembeni. Mbele ya meza ya ngisi akasimama na kuuliza kama hiyo filamu bado ipo mahali pengine. Geum-ok akasema ipo Mokpo. Akauliza hiyo roho hutumwaje, mtu akitaka kutuma moja. Na kile kiti kiwe cha mbele kabisa, pembeni, pale panapouma shingo, ili mwenye mwili wake asije akakosa pa kukaa.

Geum-ok akaitikia, lakini alikuwa bado na kinyongo chake, na kwa kuwa hakujaliwa kunyamaza akakitoa.

"Hawakuniweka hata mara moja," alisema. "Filamu nzima. Kama vile sijazaliwa."

"Ndiyo maana yule alikufa," alisema Man-cheol.

Kisha akauliza kama ile supu ya jana imebaki.