Jumapili ya Moto wa Jirani

Nakumbuka Jumapili moja ya mwishoni mwa mvua, mwanangu, ambayo laiti ningepewa kuirudia, ningeirudia kwa magoti. Siku hizi naishi hapa Lizaboni, mjini Songea, kanisa liko hatua chache kutoka mlangoni kwangu na mchungaji yupo kila wiki. Lakini moyo wangu hauishi kurudi kule kijijini upande wa Namtumbo, kwenye kikanisa chetu kilichojengwa kilimani, kwa sababu ndiko nilikomwacha peke yake mtu ninayemtafuta. Nimekwisha zeeka, na sioni aibu tena kusema kwamba ninamtamani mume wangu.

Nilimwita Komba, kwa jina la ukoo wake. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, tunalima mahindi na tumbaku kama watu wote wa kule. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akiimba sauti ya nne kanisani, ungeisikia kifuani mwako kabla haijafika masikioni. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wa akina mama. Nilikuwa msichana tu, nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu unasomeka, basi kichwa kikawa kikubwa.

Nicheke mwenyewe kabla hujanicheka. Jumapili nyumbani kwangu moto haukuwashwa. Nilipika ugali Jumamosi jioni, tukaula kesho yake umeganda, na mboga baridi pembeni. Sikufagia uwanja. Siku moja mbuzi alikata kamba, akaingia kwenye mihogo ya watu, nikamkataza Komba asimfunge mpaka Jumatatu. Alinitazama, akauliza kwa upole, "Regina, na mwenye mihogo tumwambieje?" Mimi nilijiona nimeshinda. Naye alikula ule ugali baridi kila Jumapili bila kununa, akisema siku ya Bwana ni tamu hata ugali ukiwa mgumu. Nilidhani ananitania. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anasema kweli yake.

Sasa sikiliza. Mchungaji wetu alikuwa na vijiji vingi, kwa hiyo kwetu alifika mara moja tu kwa miezi mitatu, na siku hiyo ndiyo tulipopokea Meza ya Bwana. Komba aliingoja siku hiyo kwa namna ambayo sikuielewa. Wiki nzima kabla yake alikuwa akipunguza maneno, na Jumamosi aliifua mwenyewe shati yake nyeupe, hakutaka niiguse.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya namna hiyo. Kumepambazuka, Komba amekwisha vaa shati yake, mara tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Saidi, jirani yetu, Myao aliyehamia kutoka Tunduru. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu juzi yake, na mkunga alikuwa amesema hapa hapatoshi, apelekwe Songea. Lori lilikuwa linangoja barabarani. Lakini bani la Mzee Saidi lilikuwa na moto.

Labda wewe wa mjini hujui bani. Ni banda la kukaushia tumbaku. Majani yananing'inizwa juu kwenye miti, magogo yanawaka taratibu chini, siku baada ya siku, na lazima awepo mtu wa kuuchunga moto, kazi tuliyoiita kukaa moto. Moto ukipanda, banda lote linateketea. Ukizimika, majani yanaoza. Mazao ya mwaka mzima ya Mzee Saidi yalikuwa humo, watoto wake walikuwa wadogo, na ndugu zake wote wako Tunduru.

"Shikamoo, mzee," Komba alisema.

"Marahaba. Mlongo wangu, ndugu yangu, najua leo ni siku yenu kubwa. Sina mwingine wa kumwendea."

Komba hakunitazama. Alivua shati nyeupe, akaitundika kwenye msumari ukutani, akavaa ile ya shamba. "Nenda na mama, mzee. Moto mimi nitaukaa."

Mzee Saidi alipoondoka nikamgeukia. Nilimwambia maneno ambayo hata leo yananichoma. Nilimwambia kwamba mtu anayeacha Meza ya Bwana kwa ajili ya tumbaku, tena tumbaku ya mtu asiye hata wa kanisa, asijiite Mkristo mbele yangu. Akafunga viatu vyake vya shamba. Akasema tu, "Niombee huko. Na mimi nitaomba hukohuko."

Nilipanda kilimani peke yangu, nimekasirika, na hasira yangu niliidhani ni wivu wa Mungu. Kwetu kulikuwa na utaratibu: anayefanya kazi ya shamba siku ya Bwana bila ruhusa ya wazee wa kanisa hapokei Meza mpaka asimame mbele ya watu na kutubu. Utaratibu wenyewe haukuwa mbaya, mwanangu, nakuomba ulielewe hilo. Uliwekwa kwa sababu wenye tamaa walikuwa wakiwapeleka watoto mashambani Jumapili. Na ulikuwa na mlango wake: ruhusa. Ningemwendea mzee mmoja nikamweleza habari za Mama Zuhura, wote wangesema Komba abaki na Mungu ambariki, na pengine vijana wawili wangetumwa kumsaidia.

Sikufanya hivyo. Mzee wa kanisa alipouliza wasiofika wako wapi, mimi nilisimama kabla hajamaliza. Nikasema kwa sauti, "Komba yuko banini, anakaa moto wa tumbaku." Nikakaa. Kila mtu alijua kwamba na sisi tuna bani, basi kila mtu akaelewa ni letu. Niliona wameelewa hivyo, nikawaacha. Nyuma yangu kuna bibi alikohoa, akasema pole pole, "Mau, mama yangu! Mume wake mwenyewe." Nilidhani ananisifu.

Komba alirudi jioni, macho mekundu kwa moshi. Nikamweleza kwamba nimemtaja. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Umewaambia nilikuwa wapi?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia kwa nini nilikuwa huko?"

Nikageuka kumtengea ugali wake baridi. Akanitazama muda mrefu, si kwa hasira, kwa huzuni tu, kisha akaenda kunawa. Hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama Zuhura alirudi baada ya siku kadhaa akiwa na mtoto wa kike, wote wazima, na tumbaku ilikauka vizuri.

Mchungaji alipokuja tena baada ya miezi mitatu, Komba aliitwa mbele. Alisimama na shati yake nyeupe, mikono nyuma. Akasema, "Wazee wangu, makosa ninayo mengi, na yote nitayatubu. Hili siwezi. Nikilitubu nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake." Wakamuuliza ana sababu gani. Akatazama chini. Angeisema sababu, watu wangejua kwamba mkewe aliificha. Mwenye kuisema nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Wazee wakangoja. Mimi nikaangalia kitabu changu cha nyimbo. Wakamzuia.

Hakulihama kanisa. Wengi wangelihama, tena kwa kelele. Yeye kila Jumapili alipanda kilimani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba. Mchungaji alipokuja na Meza ikatandikwa, aliinamisha kichwa mpaka sote tumalize. Mimi nilikwenda mbele, nikapokea, nikarudi kukaa. Nilikuwa nimeshika kila kitu, unaona? Sijawasha moto, sijafagia, sijakosa hata ibada moja. Lakini nyumbani tuliongea habari za mahindi tu.

Ikapita hivyo karibu mwaka. Msimu uliofuata Mzee Saidi alivuna, naye alikuwa ameweka nadhiri. Akaja na baiskeli yake, gunia la mahindi nyuma, mpaka nyumbani kwa mwinjilisti wetu, Mzee Haule, aliyetuangalia mchungaji asipokuwepo. Akamwambia, "Nimekuja kulishukuru kanisa lenu. Siku mke wangu alipokuwa baina ya kufa na kupona, mlinipa mtu akakaa moto wangu kutwa nzima. Tena kwenye siku yenu kubwa. Watoto wangu wananiambia alikuwa akiimba pamoja na nyinyi. Nyimbo zilishuka kutoka huku kilimani, na yeye anazipokea kule chini, peke yake, machozi yanamtoka. Mwenyezi Mungu awalipe."

Mzee Haule hakuongea naye mengi. Alipokea gunia, akaja moja kwa moja mpaka jikoni kwangu, nikiwa nasonga ugali. Hakukaa. Alinieleza aliyoyasikia, kisha akauliza, "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Mama, Bwana mwenyewe aliponya watu siku ya sabato, na waliomkasirikia walikuwa watu washikaji wa sheria kama wewe. Siku ile kijijini hapa kulikuwa na mtu mmoja aliyeishika siku ya Bwana kwa moyo wote, naye alikuwa banini. Wewe uliishika ili uonekane. Na ulipopata nafasi ya kusema kweli, ukaikata katikati, ukatupa sisi kipande tukamhukumu nacho mwenzio." Akatoka. Ugali uliungua, nikauacha uungue.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele na kuyasema yote. Mwanangu, kusimama kushtaki ni rahisi, miguu yenyewe inakuinua. Siku ile miguu ilikataa, nikashika meza. Nilipomaliza, yule bibi wa nyuma ndiye aliyekuja kunikumbatia. Na Komba nilimwambia nyumbani kwamba nimechoka na sheria, kuanzia sasa Jumapili nitapika, nitafagia, nitaenda shambani nikitaka. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Usiitupe Jumapili, Regina. Mimi naipenda. Siku ile banini niliikosa mpaka nikalia. Nilikwenda kwa sababu aliyeiweka siku hii ndiye angenituma kwa Mama Zuhura. Ningejua hakunituma, nisingekwenda." Kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. "Ila ugali wa moto ningeushukuru."

Mchungaji alipokuja, Komba alikwenda mbele. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake. Kikombe kiligonga meno yake, na mtu mzima yule akalia kama aliyefika nyumbani kutoka mbali. Ndipo nilipojua ni njaa gani aliyokuwa nayo kwenye lile benchi la mwisho. Mwaka mzima nilikuwa nadhani aliyekataa kutubu hajali. Kumbe aliijali Meza ile kuliko mimi niliyeiendea kila mara, na mimi ndiye niliyemnyima.

Tuliishi vizuri baada ya hapo, miaka mingi, hata tukahamia huku mjini. Hakulitaja jambo lile kamwe. Sasa hayupo. Jumapili waimbaji wakianza, nasikiliza ile sauti ya chini kama ipo, kisha nakumbuka. Ninazo Jumapili nyingi nilizokaa naye benchi moja, namshukuru Mungu kwa hizo, lakini moyo hauniletei hizo. Unaniletea za mwaka ule, yeye mlangoni na mimi mbele, na katikati yetu mabenchi yote yale ambayo ningeweza kuyapita kwa maneno matano. Nazitamani hizo, mwanangu. Natamani niinuke, niende nikakae naye kule nyuma.

Basi nikuambie ninachotaka ukishike. Zishike amri za Mungu. Usimsikilize anayekuambia kwamba upendo umezifuta. Komba alizishika mpaka mwisho, na sijaona mtu huru kuliko yeye. Ila zishike kwa kumpenda aliyezitoa, na utalijua hilo kwa jambo moja: ukimwona mwenzako amekosekana mahali pake, utatamani arudi kabla hujatamani aadhibiwe. Usipoliona hilo moyoni mwako, nyamaza kwanza. Vaa viatu, mwendee alipo, umuulize. Na ukiitwa kumsemea mtu mbele ya watu, sema habari yake yote, hata ile inayokuondolea wewe sifa.

Mungu wa babu zako akulinde, mwanangu. Akupe kuipenda siku yake mpaka ikuume ukiikosa. Akupe jirani wa kukuamini kwa moto wake. Na unayempenda, akukalishe naye benchi moja siku zote za uhai wenu, nafasi isiwepo katikati.