Vioo vya Bibi Jamna

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba ilitupeleka shule mikono ikiwa kwapani na midomo imepauka, na bado tukifika tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka jasho likatoka. Nyumbani kwetu, mtaani Izia, tulikunywa uji wa ulezi kwenye mabakuli ya bati, na dagaa wa Kirando wakiingia sokoni, mtaa mzima ulijua kwa harufu. Watoto wa leo wanavaa soksi ndani ya nyumba na kununa kwa sababu mtandao uko taratibu. Sawa, kila mtu na shida za wakati wake.

Rafiki yangu wa darasa la tatu aliitwa Hansa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na nyuma ya duka ndiko walikoishi pamoja na bibi yake, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Bibi Jamna. Alikuja kutoka India akiwa bibi harusi, hakurudi tena. Kila alasiri alikaa barazani kwenye mkeka, miwani puani, akidarizi. Alishona vioo vidogo kama kucha kwenye kitambaa chekundu, akavizungushia uzi wa manjano na kijani, na pembeni akaweka tausi na tembo. Kitambaa kikikamilika kilitundikwa juu ya mlango, kumkaribisha mgeni. Jua la saa kumi likikipiga, ukuta ulijaa vidoa vya mwanga, nami nilisahau kilichonileta.

Alitufundisha wote wawili. Hansa alichoka mapema. Mimi nilinogewa. Tausi wangu wa kwanza alifanana na kuku aliyenyeshewa. Bibi Jamna alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akaniambia nifumue nianze upya.

Mama yangu hakupenda. "Mahindi yanangoja palizi, wewe unashona vioo," alisema. "Hizo ni kazi za Wahindi." Siku moja nilikwepa shamba nikaenda barazani kwa Bibi. Mama alinifuata huko huko, jembe begani, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Bibi," alisema kwa sauti kavu.

"Marahaba. Kaa, mama."

"Sikai. Nimemfuata huyu."

Lakini macho ya Bibi Jamna yalikuwa kwenye kikapu. Aliomba akione. Alikigeuza, akatazama kitako chake, akapitisha kidole ukingoni polepole, kama alivyokagua kazi zetu.

"Umesuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Marehemu mama yangu."

"Na huyu umemfundisha?"

Mama alikitazama kikapu, akanitazama mimi. Bibi Jamna akasema taratibu, "Mimi binti zangu hawakutaka. Hansa naye hataki. Nikifa, kazi hii imekwisha nyumbani kwangu. Ndiyo maana nimemkalisha mtoto wako."

Mama alishusha jembe akakaa. Aliletewa chai ya tangawizi, akainywa yote.

Tulipokaribia nyumbani alisema, "Jumamosi tutakwenda kukata nyasi za kusukia." Tangu hapo Jumamosi zikawa za vikapu na mama, na Jumapili baada ya misa zikawa za Bibi Jamna. Mama alimsukia Bibi kikapu kidogo chenye mfuniko cha kuwekea nyuzi. Bibi naye akampa kitambaa cha mlangoni, na majirani wakawa wanakuja kwetu kujitazama kwenye vioo na kukaa muda mrefu kuliko walivyokusudia.

Nilipokuwa darasa la saba Bibi Jamna alifariki. Familia yake ikahamia Dar es Salaam, duka likawa la mtu mwingine.

Mwaka huu Hansa alinipigia simu ya video. Binti yake anaolewa, naye alitaka kumshonea kitambaa cha mlangoni kwa mkono wake, lakini kila kioo alichoweka kilidondoka. "Yustina, nisaidie," alisema. "Nimewauliza shangazi zangu wote. Hakuna anayejua." Wiki tatu tulikaa hivyo kila jioni, simu nimeiegemeza kwenye birika, nikimwonyesha uzi unapopita. Mabinti ninaowafundisha hapa nyumbani, wale wanaoshona tausi huku wanajibu jumbe, walisogea wakishangaa Mhindi kufundishwa nakshi ya Kihindi na Mfipa kama mimi. Kioo cha kwanza kilipokaa imara, Hansa aliufunika uso kwa mikono, akalia.

Alipotulia aliniuliza, "Hivi Bibi aliwahi kukuambia kijiji alichotoka kinaitwaje? Shangazi nao hawajui. Nataka nimtajie binti yangu."

Mimi siku zote nilidhani yeye ndiye anayejua.

Siku hizi watoto wakitaka kujua jambo wanashika simu, na wanajibiwa kabla hawajamaliza kuuliza. Sisi tulikuwa na Bibi mwenyewe, amekaa karibu yetu alasiri nzima, hana haraka, na hatukumuuliza.